Shangazi, Nazamia Doha: Kweli na Uongo wa Bahari ya Baridi

Nilipompigia shangazi yangu wa Tanga kutoka Doha kumwambia kwamba Ijumaa nakwenda kuzamia, alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayechelea jirani asisikie: "Kibali kimekwisha, baba?" Kwetu mzamiaji ni kijana aliyejibanza kwenye tumbo la meli hadi Ulaya, au aliyeingia nchi ya watu kwa miezi mitatu akapotelea mitaani. Ilibidi nimweleze polepole: mtungi wa hewa mgongoni, miwani usoni, mapezi miguuni, unashuka kuangalia samaki, unarudi. Akashusha pumzi, akacheka, kisha akashangaa upya aliposikia kwamba ninalipia. "Haya. Angalau huko ni jangwani, maji yatakuwa ya moto."

Ilikuwa Januari, na mimi niliamini vilevile. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyaokota maneno ya aina hiyo. Mengine nimeyasikia kwa wenzangu wanaopanga kuzamia wakipita likizo Doha, mengine yametoka kinywani mwangu mwenyewe. Mengi yanakosea mahali pamoja: mtu huichukua baridi kama jambo la kukaza roho. Baridi ya Doha haina ukali wa kumgandisha mtu, lakini inavuruga hesabu, na kuzamia ni hesabu tangu mwanzo hadi mwisho: hewa, uzito, dakika, hata saa ya ndege ya kurudi nyumbani.

"Doha ni jangwani, kwa hiyo bahari yake ni ya moto mwaka mzima."

Uongo. Ghuba, bahari inayoizunguka Qatar na mji wake wa Doha, ni ya kina kifupi. Wastani wake ni mita 35 hivi, na sehemu zenye kina kirefu kabisa ni za mita 90 na ushei. Ni kama sinia pana lenye maji kidogo: jua likiliwakia linapata moto upesi, upepo ukilipitia linapoa upesi. Agosti maji ya Doha hufika nyuzi joto 33 au 34, na ukiingia na suti ya kuzamia unatoka jasho humohumo baharini. Huo ni kati ya miezi ambayo sheria ya Qatar inakataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15. Vijana wetu wengi wa ujenzi na ulinzi wanaijua kwa ngozi zao. Lakini bahari hiyohiyo, ikifika Februari, inashuka hadi nyuzi 19 au 18. Unguja na Mombasa, hata Julai na Agosti kusi inapovuma na watu wanavaa sweta asubuhi, maji ni nadra kuwa chini ya 25.

Anayedhani natia chumvi awaulize matumbawe. Mwaka 1964 baridi iliingia kwenye maji ya Qatar ikaua matumbawe ya pwani. Haya ni matumbawe yanayostahimili joto ambalo lingeyaua ya Pemba au Watamu kwa wiki chache, na yalikufa kwa baridi.

Sisi wa pwani tunajikwaa hapa kwa sababu ya kalenda. Januari kwetu ni kaskazi, msimu wa jua na maji ya uvuguvugu, msimu ambao majahazi ya Ghuba yaliteremka na upepo hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Tunawakumbuka mabaharia wale wakifika na tende na papa mkavu. Nani aliwahi kujiuliza walikuwa wameacha hali gani ya hewa nyuma yao?

"Disemba ndiyo kilele cha baridi. Ukitaka afueni, subiri Februari."

Uongo, na hapa ndipo mipango mingi ya likizo inapoharibika. Bahari huchelewa kuifuata hewa. Disemba mtu anatembea Corniche, kandokando ya bahari, jioni na koti, lakini maji bado yana akiba ya joto la kiangazi, nyuzi 22 au 23. Baridi inaendelea kuingia taratibu, na maji yanafika chini kabisa mwishoni mwa Januari na Februari. Machi jua linawaka, watalii wanavaa kaptura, na bahari bado inauma. Kama likizo yako ni ya Krismasi, shukuru. Kama ni ya Februari, soma yanayofuata kwa makini zaidi.

"Nyuzi 19 ni baridi gani hiyo? Maji baridi ni ya Norway."

Nusu kweli. Inategemea unapima chombo au unapima mtu. Kwa regulata, ile mashine ndogo inayokuletea hewa mdomoni, Doha si maji baridi hata kidogo. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 kinaanza kuhesabu baridi chini ya nyuzi 10, kwa kuwa huko ndiko regulata inaweza kuganda ikaanza kumwaga hewa bila kukoma. Kwa hiyo asikuuzie mtu kifaa cha bahari ya barafu kwa ajili ya mbizi mbili za ufukwe wa Sealine. Wala hulazimiki kutafuta ile suti kavu wanayovaa Wazungu wa kaskazini.

Mwili nao una kiwango chake. Maji yanaondoa joto mwilini kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa. Chumba chenye nyuzi 19 ni cha kulala vizuri kwa shuka mbili. Bahari yenye nyuzi 19 ni habari nyingine.

Siku ile ya Januari nilikodi suti nyembamba ya milimita 3, ya mikono mifupi, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea na kwa kuwa aliyenikodishia hakuuliza kitu. Tulikwenda Sealine, kusini ya mji wa Mesaieed, mahali ambapo matuta ya mchanga yanashuka karibu na maji na magari yanasimama kando kupunguza upepo wa matairi. Dakika kumi za kwanza nilijiona shujaa. Kwenye dakika ya kumi na tano niligundua kwamba nimekumbatia mikono kifuani kama mtu anayesubiri daladala alfajiri. Kiongozi wetu wa mbizi aliniuliza kwa ishara nimebakiwa na hewa kiasi gani. Niliitazama geji, nikaona namba, na ikanichukua muda kuielewa ile namba. Nilikuwa nimetumia karibu maradufu ya mwenzangu aliyekuwa kando yangu, kwa sababu mwili unaopigana na baridi unapumua kwa nguvu. Tulipotoka, vidole vyangu vilikataa kufungua kishikizo cha mkanda wa risasi, ule wa vipande vizito vya kumsaidia mtu kuzama, kishikizo ambacho mtoto wa miaka sita angekifungua. Alinifungulia kiongozi, bila neno, na hilo bila neno ndilo lililoniuma.

Fikiria sasa kishikizo hicho ukiwa chini, na una shida.

"Suti ya mpira inazuia maji yasiingie."

Uongo. Suti ya kawaida inaingiza maji, na lazima iingize. Ikikubana vizuri, maji yanayoingia ni kidogo na yanakaa palepale. Mwili unayapasha moto mara moja, basi. Ikiwa pana, kila ukijipinda maji yaliyopata moto yanatoka na mengine mabichi yanaingia, na unakuwa unaipasha moto Ghuba nzima. Ndiyo maana suti ya milimita 5 inayokukaa sawasawa ni bora kuliko ya milimita 7 ya mtu aliyekuzidi tumbo. Ijaribu dukani. Nyanyua mikono, chuchumaa, kohoa. Ukiona imeacha nafasi kiunoni kwa nyuma, rudisha.

Kinachokukinga hasa ni vile viputo vidogo vya gesi vilivyomo ndani ya mpira wenyewe. Kwenye mita 10 shinikizo ni maradufu ya juu ya maji, na viputo vinasinyaa kufikia karibu nusu. Suti uliyoivaa ufukweni ikiwa nene inakuwa nyembamba hukohuko chini unakoihitaji. Kwa majira ya baridi ya Doha, shauri langu ni suti kamili ya milimita 5 yenye kofia, na yule mwembamba asiye na nyama aongeze kizibao ndani. Kofia watu wengi wanaikataa kwa sababu inawafanya wafanane na kambale. Vaa hivyo hivyo.

"Ghuba ina chumvi nyingi, ndiyo sababu ya kuongezewa risasi."

Kweli, ila mzigo umetwishwa asiyehusika sana. Maji ya Ghuba yana chumvi ya gramu 40 na zaidi kwa lita, wakati bahari ya kawaida ina 35. Lakini piga hesabu: mtu ambaye yeye na vifaa vyake wanachukua nafasi ya lita 100 akihama kutoka maji ya Unguja kwenda ya Doha, tofauti ya kuelea haifiki kilo moja. Suti nene peke yake inaweza kukudai kilo tatu, nne au zaidi. Kwa hiyo ile namba ya risasi uliyoiandika kwenye daftari lako la mbizi Nungwi au Diani haikusaidii kitu hapa. Omba kupimwa upya kwenye maji ya kifuani kabla ya kwenda popote, na upimwe ukiwa na suti utakayozamia nayo. Kumbuka pia mtungi unapokaribia kwisha unakuwa mwepesi. Anayetosheka kwa risasi mwanzoni tu ataanza kupaa mwishoni, pale anapotakiwa kutulia.

"Mtungi wangu unavuja. Walijaza 200, nimeshuka tu nakuta 185."

Uongo, mara nyingi. Mtungi uliotoka kujazwa ni wa moto. Ukiwa na nyuzi 45 na baa 200, ukitumbukia kwenye maji ya nyuzi 18 shinikizo linashuka lenyewe hadi karibu baa 183, bila mtu kuvuta pumzi. Hewa imesinyaa, haijaibiwa. Ila muda wako upange kwa 183, usipange kwa 200.

"Baridi yote iko chini ya maji."

Uongo mtupu. Iko kwenye boti. Wakati wa baridi upepo wa kaskazini-magharibi, ambao Waarabu wanauita shamal, unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo (mabaharia wetu wa zamani wanalo neno shemali, na sasa unajua linatoka wapi). Unatoka majini umelowa, suti inachuruzika maji, upepo unaikausha juu ya mwili wako na kila tone linaondoka na joto lako. Saa moja ya kupumzika kati ya mbizi ya kwanza na ya pili ndiyo inayomaliza watu. Wanaingia mbizi ya pili wakiwa tayari wamepoa, na ya pili haidumu.

Basi chukua koti la kuzuia upepo, kofia ya sufu, taulo mbili, na chupa ya chai. Karak ya Doha, ile chai ya maziwa yenye iliki, ni nzuri kwa kazi hii na inauzwa kila kona. Vua suti hadi kiunoni, jikaushe, vaa. Pombe haipashi joto. Inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inaletwa juu kupoa, nawe unajisikia vizuri wakati unapoteza. Nje ya hoteli zenye leseni huko Qatar huipati kirahisi, lakini nimeona watu wakiipanga kama dawa, kwa hiyo nimesema.

Upepo huo huo unachafua maji. Siku nzuri unaona mita 5 hadi 10, na hilo kwa mtu aliyezoea kisiwa cha Mnemba ni kama kuzamia ndani ya uji. Ukiwa na siku tano za likizo, usiilipie siku ya kwanza. Angalia utabiri wa upepo kabla ya utabiri wa joto, uache shamal ipite, kisha uipe bahari siku mbili za kutulia.

"Ugonjwa wa mgandamizo hauhusiani na baridi."

Uongo, na huu ndio ningependa usomwe mara mbili. Ukiwa chini, nitrojeni ya kwenye hewa unayovuta inaingia mwilini. Ukipanda inatakiwa itoke kidogo kidogo kupitia mapafu, la sivyo inatengeneza mapovu yanayoleta ugonjwa huo. Damu ndiyo inayoibeba, na damu inafuata joto: mwili wenye joto unaipeleka hadi vidoleni, mwili wenye baridi unaifungia katikati. Mwaka 2007 kitengo cha utafiti wa kuzamia cha jeshi la maji la Marekani kilitoa matokeo ya majaribio kuhusu jambo hili. Waliokuwa na joto wakiwa chini na baridi wakati wa kupanda waliugua zaidi sana kuliko waliokuwa na baridi chini na joto wakati wa kupanda.

Sasa itazame mbizi ya mgeni wa Doha. Anaanza akiwa na joto la gari na chai, anashuka, mishipa iko wazi, anapokea nitrojeni vizuri. Kwenye dakika ya thelathini na tano anaanza kutetemeka, na hapo ndipo anapopanda na kusimama mita 5 kwa dakika tatu, akiwa amejikunja. Ndiyo hali mbaya ya yale majaribio, neno kwa neno. Kompyuta ya kuzamia unayovaa mkononi haijui kwamba unatetemeka. Kwa hiyo ukifikia kutamani kukumbatia mikono, mwonyeshe mwenzako kidole gumba juu, muanze kupanda mngali na joto. Ukifika hotelini, usikimbilie bafu la maji ya moto sana papo hapo. Joto la ghafla linapunguza uwezo wa nyama za mwili kushika gesi iliyobaki. Vaa nguo kavu, kunywa maji, subiri. Na ukisikia maungo yanauma, ganzi, au kizunguzungu kisichoeleweka, usijipe jina la uchovu: piga 999, mwambie daktari jambo la kwanza kwamba ulizamia.

"Qatar kuna potwe."

Kweli, ila si kwa ajili yako wewe wa Januari. Papa potwe hukusanyika kwa wingi kwenye eneo la visima vya mafuta la Al Shaheen, mbali baharini, miezi ya joto. Wakati huo wa baridi yako, nenda kisiwa cha Mafia: msimu wao pale ni Oktoba hadi Machi, na maji ni ya kuogea mtoto.

"Nina saa kumi za kusubiri ndege Doha. Zinatosha mbizi moja."

Uongo. Mwongozo unaofuatwa na wengi ni saa 12 za kusubiri kabla ya kupanda ndege baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 baada ya mbizi nyingi au za siku mfululizo. Ndani ya ndege shinikizo linaweza kuwa kama la mlima wa mita 2,400, juu kuliko Nairobi. Anayeunganisha ndege akatazame bahari kutoka Corniche. Anayekaa siku kadhaa apange kuanzia mwisho: aandike saa ya ndege, arudi nyuma saa 18, na hapo ndipo mbizi ya mwisho iwe imekwisha. Baridi ikikupata kwenye mbizi hiyo, ongeza saa.

Saa hizo 18 zina pa kwenda. Mimi zangu za mara ya mwisho nilizipeleka mtaa wa Msheireb, kwenye Bin Jelmood House, jumba la makumbusho ya utumwa lililo umbali wa kutembea kutoka Souq Waqif. Nilikwenda na neno moja nililolisikia kwa mwenyeji mmoja kwenye boti.

"Wazee wa lulu walizamia bila suti. Baridi ni uoga wa siku hizi."

Uongo. Wazee wa lulu ndio waliokuwa na heshima kubwa kwa baridi. Msimu wao mkuu ulianzia takriban Juni ukaishia Septemba, katika joto lile linalovunja watu leo, kwa sababu maji ndiyo yalikuwa yanakalika. Mzamiaji, waliyemwita ghais, alibana pua kwa kibanio, akakanyaga jiwe lenye kamba, akaning'iniza kikapu shingoni, akashuka kwa pumzi moja. Juu alikuwapo saib, mvutaji, ameshika kamba nyingine akisubiri kutikiswa. Hivyo tangu asubuhi hadi jioni, mbizi kwa makumi. Majira ya baridi vyombo vilikuwa vimepandishwa pwani.

Na wengi kati ya waliokuwa kwenye zile kamba walikuwa watu wetu. Watu waliotekwa pwani ya Afrika Mashariki na bara yake waliuzwa Ghuba, na kazi ya lulu iliwameza kwa maelfu. Walichokipata kilikwenda kwa bwana. Biashara ya lulu ilianguka miaka ya 1930, kwa lulu za kufugwa za Wajapani na kwa mdororo wa uchumi wa dunia. Utumwa wenyewe Qatar ulifutwa 1952. Shangazi alikuwa ameshazaliwa.

Nilimpigia jioni ile nikiwa nje ya jumba, upepo unapiga simu. Nilimweleza yote, jiwe, kamba, kikapu. Alinyamaza kama siku ile ya kwanza.

"Hao hawakuzamia," akasema. "Walizamishwa."

Kisha akasikia upepo. "Na wewe hapo ulipo, umevaa sweta?"